Samaki Aliyeliwa kwa Siku Mbili

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nawaomba tumwangalie samaki mmoja tu. Si sangara, si perege, wala si dagaa wa sokoni. Ni samaki wa mbali, aliyevuliwa asubuhi moja ya mwaka 1932 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alivuliwa na kijana mkulima, akapimwa kwenye mizani ya dukani, akapelekwa nyumbani, akapikwa, akaliwa, akaisha. Hata hivyo, habari zake hazijaisha mpaka leo, na ukizifuata vizuri utajikuta umefika Naivasha, ukapita Kisumu na Mwanza, kisha ukaenda hadi Guatemala na Japani. Twende naye polepole.

Kwanza tumjue mwenyewe. Waamerika humwita bass. Sisi hapa tumwite besi, ili mtu asije akadhani nazungumzia basi la abiria. Ni samaki wa maji baridi, mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na mdomo wake ni mpana kupita kiasi. Hachagui chakula. Humeza samaki wadogo, vyura, kamba wa mtoni, na kifaranga cha bata akipita karibu hasalimiki. Akinaswa na ndoana hupigana, huruka juu ya maji na kutikisa kichwa kana kwamba anakataa shauri. Kwa sababu hiyo wavuvi wa starehe wanampenda mno.

Nchi ya asili yake ina majira ya baridi kali. Wakati huo besi hukaa chini kwenye kina, mvivu, hana hamu ya kula. Majira ya kuchipua yanapoingia, na maji kupata joto la nyuzi 15 hadi 18 hivi, husogea kwenye maji madogo karibu na ukingo. Dume huchimba kiota kwa kufagia mchanga na mkia wake. Jike hutaga, kisha huondoka zake. Dume ndiye anayebaki kulinda mayai, na baadaye vitoto, akimshambulia kila anayekaribia. Mvuvi anaijua siri hiyo. Ndiyo maana huko Marekani asubuhi za majira ya kuchipua huwakuta watu wamekwisha kuwahi ziwani kabla ya jua kuchomoza. Wanamfuata samaki katika siku ambazo hawezi kukimbia, kwa kuwa ana watoto.

Asubuhi yetu ni ya tarehe 2 Juni, 1932. Kwa kalenda ya nchi za kaskazini, majira ya kuchipua yalikuwa yamebakiza kama majuma matatu. Kijana aliitwa George Perry, umri wake miaka 20 hivi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na shamba limelowa, halilimiki. Kwa hiyo yeye na rafiki yake wakachukua mtumbwi wa mbao uliotengenezwa kwa mkono, wakaenda kwenye ziwa Montgomery. Msikilizaji usifikirie ziwa kama Tanganyika au Nyasa. Montgomery ni maji yaliyoachwa nyuma na mto Ocmulgee, mto ulipohama njia yake ya zamani.

Inafaa tukumbuke hali ya dunia wakati ule. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu 1929. Bei ya pamba, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la wakulima wa kusini, ilikuwa karibu senti 17 kwa ratili mwaka 1929; kufikia 1932 ilikuwa chini ya senti 7. Mijini, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Perry alikuwa na familia ya kusaidia kulisha. Wale vijana wawili walikuwa na chambo bandia kimoja tu, kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa rangi kifanane na samaki, nacho walikuwa wakipokezana kukirusha. Hawakwenda pale kutafuta sifa. Walikwenda kutafuta kitoweo.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, Perry alipovuta mshipi alidhani ndoana imekwama kwenye gogo. Akaogopa kukipoteza chambo chao cha pekee. Kisha lile gogo likaanza kwenda.

Walipompakia samaki mtumbwini waliona kwamba si wa kawaida, wakampeleka mji mdogo wa Helena, akapimwa dukani. Alikuwa na ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na ushei. Urefu wake ulikuwa inchi 32 na nusu. Gazeti la Field & Stream, la wavuvi na wawindaji, lilikuwa na mashindano ya samaki wakubwa. Perry akapeleka vipimo vyake, vikiwa na mashahidi, na akashinda vifaa vya thamani ya dola 75. Kwa mkulima wa mwaka ule, hizo si fedha za kuchezea.

Na samaki? Alikwenda jikoni. Familia ilimla kwa siku mbili. Hakukaushwa akatundikwa ukutani, hakuwekwa katika jumba la makumbusho. Picha zinazodaiwa kuwa zake zilijitokeza miaka mingi baadaye, nazo zina ubishi. Besi mkubwa kuliko wote walioandikwa katika rekodi mpaka wakati ule aliishia kwenye sahani, na mwenye kumvua hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Samaki ni chakula.

Nawaomba wasikilizaji mlishike neno hilo, samaki ni chakula, maana sasa tunaingia katika historia ya watu waliomwangalia samaki yule yule wakaona kitu kingine.

Mchezo wa kuvua besi ulikuwapo kabla ya Perry. Waungwana wa Uingereza, na wale wa Marekani waliowaiga, walikuwa wakiamini kwamba samaki wa heshima ni samoni na trauti. Wengine wote ni samaki wa makabwela. Mwaka 1881 daktari mmoja aitwaye James Henshall alichapisha kitabu kizima cha kumtetea besi, akidai kwamba kwa kupigana hana mpinzani. Kitabu kile kilimpandisha cheo. Lakini hata kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuanza kumhamisha. Mwaka 1854, besi wachache walivushwa milima katika tangi la maji la garimoshi, wakamwagwa katika mto Potomac, ambako hawakuwapo kwa asili. Mwaka 1871 serikali ya Marekani iliunda tume ya samaki, na baada ya muda mabehewa yaliyotengenezwa maalumu yakawa yanazunguka nchi nzima yakigawa vifaranga vya samaki wa kila namna. Aliyekuwa na bwawa na akataka samaki, alipata.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mabwawa makubwa ya umeme yalikwisha kuenea kusini mwa Marekani, na kila bwawa likawa ziwa jipya la besi. Mwaka 1967, muuza bima mmoja aitwaye Ray Scott aliwakusanya wavuvi zaidi ya 100 katika ziwa Beaver, jimbo la Arkansas, wakashindana kwa zawadi ya fedha. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi. Mwaka 1971 mashindano yake makuu ya kwanza yalifanyika katika ziwa Mead, na mshindi alipata dola 10,000. Mwaka 1972 Scott alianza kuwahimiza washindani wasiwaue samaki, bali wawapime na kuwarudisha majini wakiwa hai. Kukazuka biashara nzima ya mashua za kasi, mitambo ya kuonyesha samaki chini ya maji, fimbo za kuvulia, kofia na vipindi vya televisheni.

Sitaki kuwabeza. Desturi ya kumrudisha samaki majini imeokoa samaki wengi katika nchi ile, na wavuvi hao hao wamepiga kelele viwanda vilipochafua mito. Lakini tuone tofauti. Perry alivua ili ale. Mrithi wake anavua, anapima, anaachia, kisha anakwenda mkahawani kula nyama ya ng'ombe. Mchezo wa namna hii ni wa mtu aliyekwisha kushiba. Hakuna ubaya katika kushiba. Ubaya huanza pale mtu aliyeshiba anapobeba mchezo wake akaenda kuumwaga katika maji ya watu wengine.

Siku ile Perry alipokuwa akivuta mshipi wake, jamaa za samaki wake walikuwa wamekwisha kutimiza miaka mitatu hapa kwetu Afrika Mashariki. Besi aliingizwa katika ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1929.

Naivasha ni ziwa la maji baridi lililo katika Bonde la Ufa, mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao pale walikwisha kuondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, ambao uliwahamishia Laikipia na upande wa kusini, ili ardhi ya bondeni ipate nafasi ya walowezi. Ukingo wa ziwa ukawa mashamba ya watu binafsi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, viboko walikuwapo, ndege walikuwapo kwa maelfu, Nairobi haikuwa mbali. Kwa macho ya mlowezi kilikosekana kitu kimoja: samaki wa kumchezea siku ya Jumapili. Samaki wa asili aliyekuwamo alikuwa kisamaki kisichozidi urefu wa kidole. Mwaka 1925 walipandikizwa perege, na mwaka 1929 akaletwa besi wa Marekani ili wavuvi wa starehe wapate mpinzani. Baadaye wakaongezwa besi wengine.

Mlowezi hakufanya hivyo kwa nia ya kumdhuru mtu. Alikuwa akijitengenezea kijijini kwake kipya starehe za kijijini kwake cha zamani. Waliletwa trauti katika mito ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare kwa mawazo hayo hayo. Lakini hakuna kumbukumbu ya baraza lililoitishwa kuwauliza wenyeji wa bonde lile. Kwa miaka 30 samaki wa Naivasha alikuwa wa ndoana ya burudani. Uvuvi wa biashara, wa nyavu, ulianza mwaka 1959, uhuru ukiwa umekaribia kubisha hodi. Mwaka 1962 yule kisamaki wa asili alionekana kwa mara ya mwisho, na wataalamu wanamshuku besi kuwa ndiye aliyemmaliza.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuwa mgeni wa namna nyingine. Alikuja, na mwenyeji akatoweka.

Na mgeni akishaingia huita mgeni mwenziwe. Mwaka 1970 waliingizwa Naivasha kamba wekundu, asili yao Louisiana, jimbo jingine la kusini mwa Marekani. Besi akafurahi, kwani kamba ndio kitoweo chake cha nyumbani. Lakini kamba wale walikata na kula mimea ya chini ya maji, na mimea ile ndiyo iliyokuwa maficho na malisho ya samaki na ndege wengine. Kuanzia miaka ya 1980 mashamba ya maua yalizunguka ziwa, watu wakaja kwa maelfu kutafuta kazi, na nyavu zikawa nyingi. Mwaka 2001 samaki walipungua hata uvuvi ukasimamishwa kwa mwaka mzima. Ni katika miaka hiyo alipoonekana ziwani mgeni mwingine tena, samaki aina ya karpi, na ilipofika mwaka 2010 huyo karpi ndiye aliyekuwa sehemu kubwa mno ya mavuno ya wavuvi.

Basi itazame hesabu. Ziwa moja, na samaki wote wenye thamani sokoni ni wageni au watoto wa wageni. Mvuvi wa Karagita au Kamere anayeamka alfajiri kutafuta ada ya shule anategemea maamuzi yaliyofanywa na watu waliokwisha kufa, ambao walipoamua hawakuwa wakimfikiria yeye kabisa. Kwa haki tuseme pia kwamba besi amemlipia watu ada. Ameuzwa, ameliwa, amejenga nyumba. Naivasha bila samaki wa kigeni isingekuwa na uvuvi wa kusimulia. Ninachosema ni kwamba faida ile ilikuja kwa bahati, kama makombo yanayodondoka mezani. Meza iliandaliwa kwa ajili ya wengine.

Wasikilizaji wa Kisumu, Mwanza na Jinja nadhani wamekwisha kuanza kutikisa kichwa, kwa kuwa habari hii wanaijua kwa jina jingine. Mwaka 1954 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, wakati wa ukoloni. Waliomtetea walisema atawageuza furu, samaki wadogo waliodharauliwa, kuwa nyama nono ya kuuzwa; na hamu ya kupata samaki mkubwa wa mchezo wa ndoana nayo ilikuwa miongoni mwa sababu. Wapo wataalamu waliopinga. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa ziwa zima, na aina zinazokisiwa kuwa 200 za furu zilikuwa zimetoweka au zinaelekea kutoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa. Fedha za kigeni zikaingia, hilo hatuwezi kulikana. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mwananchi aliyeishi mita mia moja kutoka majini akauziwa kichwa na mifupa. Kisumu wakaiita mgongo wazi, Mwanza wakaita mapanki. Jina la chakula likawa ni jina la kile kilichobaki baada ya chakula kuondolewa.

Turudi kwa besi, maana safari zake hazikuishia Afrika. Guatemala, Amerika ya Kati, kuna ziwa liitwalo Atitlán, lililozungukwa na milima ya volkano na vijiji vya watu wa asili wa jamii ya Wamaya. Kwenye mwaka 1958 waliingizwa besi ili kuvutia watalii wavuvi. Wanavijiji walikuwa wakila samaki wadogo na kaa wa ziwa lile. Besi naye akala samaki wadogo na kaa. Palikuwa na ndege wa majini, jamii ya kibisi, waliyemwita poc, asiyeweza kuruka, na hapatikani popote pengine duniani. Chakula chake kikapungua, na vifaranga vyake vikawa chakula. Yapo mengine yaliyomwandama, kama kukatwa kwa matete na tetemeko la ardhi la mwaka 1976 lililoshusha maji ya ziwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 poc alikuwa amekwisha duniani. Mvuvi wa starehe alipata asubuhi yake nzuri, na mwanakijiji akapoteza mboga.

Japani ndiko habari inakoungana na ya Perry. Besi alifikishwa huko mwaka 1925, akatiwa katika ziwa Ashi na mfanyabiashara mpenda uvuvi. Baadaye, kwa mikono ya wapenzi wa mchezo, akaenea nchi nzima. Katika miaka ya 1970 alithibitishwa kuwamo katika Biwa, ziwa kubwa kuliko yote ya Japani na mojawapo ya maziwa ya kale kabisa duniani. Kando ya Biwa wana chakula chao cha fahari kiitwacho funazushi, samaki wa ziwa hilo anayetiwa chumvi na kuvundikwa katika wali kwa muda mrefu. Samaki anayefaa kwa mapishi hayo akapungua sana. Kuharibiwa kwa matete ya ukingoni kulichangia, na besi pamoja na samaki mwingine wa Marekani, bluegill, wakachangia.

Huyo bluegill ana kisa chake. Mwaka 1960 Akihito, wakati huo mwana wa mfalme, aliitembelea Marekani, na meya wa Chicago akamzawadia samaki hao. Akawapeleka nyumbani kwa ajili ya utafiti, kwa matumaini kwamba wangefaa kufugwa kwa chakula. Wakaponyoka wakaenea. Mwaka 2007, akiwa tayari ni mfalme, Akihito alisimama mbele ya watu karibu na ziwa Biwa akasema inamuuma moyo kuona matokeo yake. Mfalme wa Japani kutamka majuto hadharani kwa sababu ya samaki ni jambo kubwa. Nimetafuta mtawala wa kikoloni aliyepata kusema maneno kama hayo kwa watu wa Naivasha au wa Ziwa Victoria, sijamwona.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai, 2009, mvuvi aitwaye Manabu Kurita alitupa ndoana katika ziwa hilo hilo la Biwa. Chambo chake kilikuwa bluegill aliye hai. Akavuta besi mwenye ratili 22 na wakia karibu 5. Alimzidi wa Perry kwa chini ya wakia moja, na kanuni za shirika la kimataifa la rekodi za uvuvi zinataka tofauti ya wakia 2 ndipo rekodi ivunjwe. Kwa hiyo wakaandikwa pamoja, mkulima wa Georgia na mvuvi wa Japani, baada ya miaka 77. Samaki wa Marekani, amenaswa kwa chambo cha Marekani, katika ziwa la Japani. Na kwa sheria ya mkoa ule, iliyoanza kazi mwaka 2003, ni marufuku kumrudisha besi majini ukishamvua. Kule alikotoka, kumwachia ndiyo uungwana. Kule alikopelekwa, kumwachia ni kosa. Samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni maji, na watu wanaoyategemea.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mtauliza historia hii inamhusu nini mtu anayeisikiliza akiwa ndani ya daladala au matatu, akienda kazini. Inamhusu kwa sababu maziwa yetu hayajaacha kuamuliwa. Leo vizimba vya kufugia samaki vimeenea Ziwa Victoria. Kila mwaka yupo mtaalamu, mfadhili au mfanyabiashara mwenye kiumbe kipya anachotaka kukitia majini, ama kwa nia njema ama kwa faida. Baadhi ya mapendekezo hayo ni mazuri. Siwezi kusema kila kigeni ni kibaya: mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, na sote tumekua kwa ugali. Lakini mahindi ukiyachoka unang'oa, unapanda kingine. Samaki hang'olewi. Besi wa Naivasha ana karibu miaka mia, na hakuna serikali, tajiri wala jeshi linaloweza kumtoa.

Kwa hiyo lipo swali linalostahili kuulizwa kabla ya ndoo kumiminwa, nalo halihitaji shahada ya chuo kikuu: ni nani atakayekula, na je, ameulizwa? Mama anayekaanga samaki kando ya ziwa aulizwe. Mvuvi mwenye mtumbwi aulizwe. Mzee anayekumbuka majina ya samaki ambao watoto hawawajui aulizwe pia, maana majina yale ni kumbukumbu ya hesabu ambayo haikuandikwa mahali pengine. Walioleta besi Naivasha waliuliza swali moja tu, kama atapigana vizuri kwenye ndoana. Walijibiwa, na jibu lilikuwa sahihi. Anapigana vizuri sana.

Perry alifariki mwaka 1974 katika ajali ya ndege, akiwa amekwisha kuacha kilimo na kuwa rubani. Hakuwahi kutajirika kwa samaki wake. Ninavyomwona mimi, katika historia yote hii yeye ndiye aliyekuwa na uhusiano ulionyooka na samaki yule: alivua maji ya kwao, kwa chambo kimoja, akampelekea mama yake. Waliokuja baada yake walikuwa na vifaa zaidi na njaa kidogo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Na kilichomo ndani ya maji, kikishamwagwa ziwani, nacho hakizoleki. Tufikiri kabla ya kuinamisha ndoo.